Njia Isiyopita Hospitali

Kati ya nyumba yetu ya Madogo na soko la mifugo la Garissa kuna njia tatu za gari, na mimi nazijua zote kwa matone. Nilizipima majuma mengi, nikaandika kila kitu kwenye daftari la mistari, mpaka nikaipata ile inayokunywa petroli kidogo kuliko nyingine. Hesabu zangu hazikuwa na kosa. Hata sasa nikizirudia zinatoka vilevile. Ndiyo maana nashindwa kulichoma lile daftari: ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na ndiyo niliyomkosea nayo baba yangu.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili. Mama alikuwa mtu wa Madogo, wa hao wanaolima ndizi na mahindi kando ya mto Tana. Baba alikuwa Msomali, mfugaji wa upande wa Wajir aliyeteremka na mifugo kuja kuuza, akamwona mama akiuza ndizi karibu na daraja, akawa anarudi kila siku kununua ndizi ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, hata hakuzipenda. Yeye hakujua lugha ya mama, na mama hakujua Kisomali, basi Kiswahili kikawa lugha ya ndoa yao. Kwa mama kilitiririka. Baba alikiongea kama mtu anayevuka laga, mkondo wa mto wa msimu, lenye mawe: alifika, lakini kwa kuruka huku na huku. P kwake ilikuwa b, v ilikuwa f, na ngeli alizichukulia kama mbuzi wa kundi moja, wote wapite mlango mmoja.

Nilipoanza shule nikawa mwalimu wake bila kuombwa.

"Sema papai."

"Babai."

"Pa-pai, aabo."

"Si ndiyo nasema? Ba-bai. Wewe masikio yako iko na shida."

Mama alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Aabo ni baba kwa Kisomali. Lakini Msomali naye humwita mwanawe kwa neno lilelile analoitwa yeye: baba humwita binti yake aabo, mama humwita hooyo. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu kulikuwa na aabo wawili, mmoja mrefu mwenye ndevu za hina na mwingine mwenye sare ya shule, na mama alipotaka kututania alisimama uani akaita "Aabo!" ili tuitike sote.

Mama alifariki ghafla, miaka mitatu iliyopita, na nadhani ndipo nilipoanza kupima vitu. Nilipima maji ya wali kwa kikombe kilekile chenye ufa. Nilipima upepo wa matairi kila asubuhi, ingawa kitabu cha gari kinasema mara moja kwa mwezi inatosha. Nilikagua komeo la mlango, nikaenda mpaka kwenye gari, nikarudi kulikagua tena. Niliamini, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba mama alikufa kwa sababu mahali fulani kuna mtu ambaye hakuangalia vizuri. Mtu huyo sikuwa na uhakika kama si mimi. Nikaapa sitakuwa mimi tena.

Chuo sikufika. Nilicho nacho nimejifundisha: kupiga chapa, kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta, hata kuandika hivi. Mimi ni karani wa shule moja ya bweni ya wasichana, nje ya mji upande wa Modika. Baba alikuwa dalali sokoni, na kwa kuwa soko lilikuwa njiani, kila asubuhi tulivuka daraja pamoja kwa gari dogo kuukuu ambalo mjomba aliniuzia alipochoka nalo. Kuendesha nako nilijifundisha, kwenye uwanja mtupu nyuma ya Madogo, nikitazama video kwenye simu, nikisimamisha video, nikijaribu, nikirudia, mpaka siku ya mtihani wa leseni mkaguzi akaniuliza nilisomea wapi nikaona haya kumjibu.

Petroli kwetu ni ghali, na mshahara wa karani ni wa karani. Lakini nikisema nilianza kupima njia kwa sababu ya pesa nitakuwa nadanganya. Nilianza kwa sababu hapo palikuwa na jibu. Maswali mengine yote niliyokuwa nayo hayakuwa na jibu, na hili lilikuwa nalo, lilikuwa mle ndani ya tangi, likinisubiri.

Nilifanya hivi. Kila Jumamosi asubuhi nilijaza tangi kwenye kituo kilekile, pampu ileile, gari likitazama upande uleule, mpaka pampu ikate yenyewe. Kisha juma zima nikapita njia moja tu, kwenda na kurudi. Jumamosi iliyofuata nikajaza tena mpaka ikate, na lita zilizoingia ndizo tulizokunywa.

Njia ya kwanza inapita katikati ya mji. Ni lami, ukitoka darajani unanyoosha tu. Lakini ina matuta, ina mikokoteni ya punda iliyobeba maji, ina bodaboda na malori ya Dadaab yanayogeuza bila haraka, na ina lango la hospitali ambapo kila mtu anamshusha mgonjwa wake katikati ya barabara. Kila ukisimama na kuondoka tena, injini inakunywa kama ngamia aliyefika kisimani. Njia ya pili ni ya mkato, nyuma ya mabula, vile vitongoji vya pembeni, fupi kuliko zote. Hiyo ndiyo niliyoitegemea, na ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Mchanga. Gari linazama, unakwenda kwa gia ya kwanza na ya pili, gurudumu linazunguka pale pale na petroli inakwenda. Njia ya tatu ni barabara ya murramu inayouzunguka mji kwa nje, katikati ya vichaka vya mathenge. Inazidi zile nyingine kwa karibu kilomita mbili. Lakini ni ngumu, ni tambarare, haina matuta wala watu. Unaingiza gia ya juu, unashikilia mwendo mmoja, na mguu wako unasahau kama kuna breki. Hiyo ndefu ndiyo iliyoshinda. Nilirudia juma la pili, ikashinda. Nikarudia la tatu, kwa sababu mara mbili inaweza kuwa bahati.

Baba alivumilia haya yote akiwa amekaa kando yangu, fimbo katikati ya magoti. Tuligombana mara moja tu, kuhusu mtungi wake wa maji, ambao nilikuwa nimeutoa kwenye buti.

"Aabo, maji yangu iko wabi?"

"Nimeutoa. Uzito unakula petroli."

"Mtungi moja?"

"Lita ishirini ni kilo ishirini."

"Na mimi ni kilo ngabi? Nishuke?"

Akaurudisha. Nikautoa. Siku ya tatu akaingia garini akiwa ameupakata kama mtoto, tukafika sokoni hivyo hivyo, madalali wenzake wakamshangilia. Siku ya nne niliuacha kwenye buti.

Nilipomwonyesha daftari, yeye asiyejua kusoma, alilishika mbali kidogo na macho na kupitisha kidole kwenye safu za tarakimu kwa heshima.

"Wewe ni sahan," akasema.

Sahan ni mtu anayetangulia mbele ya familia ya wafugaji, peke yake, kutafuta malisho na maji, kisha anarudi kuwaambia wahamie njia gani. Baba alikuwa sahan katika ujana wake. Nikamuuliza sahan anaangalia nini.

"Anaangalia ngamia ile mbaya kabisa. Ile inabaki nyuma. Kama hiyo itafika, wote watafika."

"Hukuwahi kukosea?"

Akacheka. "Mimi? Nilibeleka watu kwa kisima kavu. Maji niliona, wallahi niliona kwa macho yangu. Nikarudi kuwaita, siku nne. Tukifika, watu wengine wamekunywa yote."

"Wakakufanya nini?"

"Watanifanya nini? Tulienda kisima ingine. Lakini mama yangu hakuniongelesha mbaka mfua."

Katika maneno yote hayo nilichukua lile la sifa peke yake. Niliandika SAHAN kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu, kwa rula.

Sasa nitaandika mambo niliyoyaona, ili mtu asije akanitetea kwamba sikuona. Aliacha nyama. Dalali wa mifugo, mtu aliyeweza kumtazama ng'ombe akasema maini yake yatakuwa na ladha gani, aliacha nyama, akasema ni meno. Akawa analoweka anjera, chapati zetu laini, kwenye chai mpaka inakuwa uji. Kisha ikawa maziwa ya ngamia tu, asubuhi na jioni, na hilo halikunishtua kwa sababu hakuna Msomali anayeulizwa kwa nini anakunywa maziwa ya ngamia. Mkanda wa kiti, ambao ulikuwa ukimbana, ukaanza kulegea kifuani. Tulipopita njia ya mji, kila tuta alishika kifua kwa kiganja. Na siku niliyomwambia kwamba uamuzi umetoka, kwamba kuanzia sasa ni njia ya nje tu, alifurahi.

"Hii njia ni mzuri, aabo. Haigongi kifua."

Jioni ile niliandika kwenye daftari: *Abiria ameridhika.*

Majuma yale yale nilikuwa nahangaika kumwandikisha baba kwenye bima ya afya, kwa simu. Mtandao ulikatika, picha ya kitambulisho ilikataliwa, jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu kwenye karatasi tatu. Nilihangaika siku sita. Siku ya saba ikakubali. Asubuhi iliyofuata tukiwa juu ya daraja, mto chini ukiwa mwekundu na mnene, baba akasema:

"Aabo, kesho hatuwezi kubita ile njia ya hosbitali? Nataka kubima."

"Bima tayari, aabo. Nimemaliza jana."

Akanigeukia. "Tayari?"

"Tayari kabisa."

"Bila mimi kwenda?"

"Siku hizi ni kwa simu. Hakuna haja ya kupanga foleni. Watatuma ujumbe."

"Mashallah." Akatikisa kichwa. "Kwa simu! Dunia imekuwa ingine. Basi tunangoja ujumbe."

"Tunangoja ujumbe," nikasema, na nikakata kona kuelekea njia ya nje.

Aliniomba nimpeleke akapimwe. Mimi, niliyekuwa nimelala na kuamka na bima siku saba, nikasikia bima. Na yeye, ambaye katika sikio lake bima na pima ni neno moja, akasikia kwamba binti yake anayepanga kila kitu amekwisha kumpangia kupimwa, na kwamba hospitali itamwita.

Kwa hiyo alingoja. Kila baada ya siku mbili tatu aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, "Ujumbe imekuja?" Nami nikamjibu bado, mtandao uko chini. Alianza kuvaa kanzu safi kila asubuhi, na kitambulisho akakitia mfuko wa kifuani. Nilidhani ni mambo ya soko, labda kuna wanunuzi wakubwa kutoka Nairobi. Ujumbe wa bima ulikuja Alhamisi moja nikiwa kazini. Niliusoma, nikauhifadhi, nikasikia raha ya mtu aliyefunga mlango vizuri, na sikumwambia, kwa kuwa kwangu jambo lilikuwa limekwisha. Baada ya hapo aliuliza mara moja au mbili, nikasema ulikuja zamani, kila kitu kiko sawa. Akaacha kuuliza. Alidhani kilichobaki ni siku tu.

Kisha mvua ikanyesha kule juu, na laga linalokata njia ya nje likajaa. Tulifika tukakuta lori limekwama mpaka milango, na watu wamesimama ukingoni wakilitazama. Nilikasirika, na nakumbuka nilikasirikia nini: wastani wa juma lile ulikuwa umeharibika. Nikageuza gari, nikarudi, nikaingia mjini.

Kwenye miti mirefu karibu na hospitali, wale ndege wakubwa wenye vichwa vya upara walikuwa wamejikunyata kwa baridi ya mvua. Mbele ya lango kuna tuta. Nikapunguza mwendo, na nilipopunguza nikasikia mlio wa mkanda ukifunguliwa. Baba alikuwa ameshatoa kitambulisho, anakifuta kwa ncha ya kanzu.

"Leo ndiyo siku?" akaniuliza.

"Siku ya nini?"

"Ya kubima. Si ulisema tayari? Nimengoja, nikasema labda watu ni wengi."

Nilisimamisha gari pale pale, katikati ya barabara, kama wale wote niliokuwa nikiwalaani. Nyuma yetu honi zikaanza. Mwenye mkokoteni wa punda akatupita, akainama dirishani.

"We dada, barabara hii ni ya babako?"

"Ndiyo, ni yangu," baba akamjibu. "Babake ndiyo mimi. Bita."

"Kupima," nikasema. "Ulisema kupima."

"Sasa mimi nilisema nini?"

Daftari linajua idadi. Kutoka asubuhi ya darajani mpaka asubuhi ya tuta, tulikwenda sokoni pamoja asubuhi arobaini na tatu. Kila moja ina mstari wake, kilomita zake, na pembeni alama ndogo ya vyema.

Ndani ya hospitali karani aliingiza namba ya kitambulisho, akatazama mashine, akatabasamu. "Bima yake iko sawa," akasema. "Hongera, wengi wanakuja hapa bila." Daktari alikuwa msichana wa rika langu. Alimgusa baba shingo, akamsikiliza, akamwomba ameze maji kidogo mbele yake, na baba, ambaye kwa majuma hakuwahi kumeza kitu mbele yangu bila kugeuza uso, akajaribu. Maji yakarudi. Daktari akaniuliza ameanza lini kushindwa kula vitu vigumu. Nikamtajia. Na lini mkanda ulianza kulegea, na lini alianza kushika kifua. Nilikuwa na vyote.

"Ulikuwa unaandika?" akauliza.

"Nilikuwa naandika ya gari."

Alinitazama, kisha akainamisha macho kwenye karatasi yake kwa huruma ambayo mpaka leo sijaisamehe. Tulitumwa Nairobi kwa kipimo cha koo. Kulikuwa na uvimbe, na ulikuwa umekwisha tambaa. Nilipopata nafasi peke yangu na daktari wa huko nikamuuliza swali langu: asubuhi arobaini na tatu zingefanya tofauti gani? Alisema mambo haya hayahesabiwi hivyo. Nimelibeba jibu hilo kila mahali. Asubuhi nyingine lina maana ya hapana, asubuhi nyingine lina maana ya ndiyo.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Watu wa nyumbani wakisikia hadithi hii wananiambia, ni lafudhi tu, ni bahati mbaya ya neno. Mjomba anasema hata yeye angesikia bima. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa papai. Tangu nina miaka sita nilijua kwamba kila b ya baba lazima uigeuze uitazame upande wa pili. Na zaidi ya hapo, neno hospitali nililisikia. Lilikuja kwanza, kabla ya kile kitenzi. Nikakumbuka matuta, na mikokoteni, na lango, na juma langu safi, na kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimekwisha kutafuta jibu litakalotupitisha njia ya nje. Neno bima lilinisaidia. Sikumuuliza, "Umesema nini, aabo?" Ni maneno matatu. Hayali petroli.

Nilimweleza baba kosa lenyewe tukiwa tunarudi kwa basi kutoka Nairobi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akashikilia kiti cha mbele, machozi yakamtoka.

"Ndiyo nilikuambia zamani," akasema. "Masikio yako iko na shida."

Kisha akaona kwamba mimi sicheki.

"Aabo. Nyamaza, aabo. Hata mimi nilibeleka watu kwa kisima kavu."

"Na mkaenda kingine," nikasema.

Akageuka kutazama nje. Tulikuwa tumepita Mwingi, nchi inaanza kuwa tambarare na nyekundu, inaanza kuwa kwetu.

Miezi iliyobaki alitaka kwenda sokoni kila asubuhi, ingawa hakuweza tena kusimama juani kuuza. Nikamuuliza njia gani. Akasema ya mji.

"Na kifua?"

"Bolebole."

Basi tukapita ya mji, kwa gia ya pili, wakati mwingine ya kwanza, tukipanda kila tuta kama watu wanaovuka kitu kilicholala. Aliteremsha kioo. Kumbe alijuana na mji mzima, na mimi kwa miezi nilikuwa nimemzungusha nyuma ya mathenge. Mama wa maziwa ya ngamia alimwita adeer, yaani ami, akaniwekea chupa dirishani. Fundi wa viatu akamtania: "Mzee, leo unatembezwa kama bibi harusi!" Baba akamjibu kwa Kisomali kitu kilichomfanya fundi aangushe nyundo. Tulisimama, tukaondoka, tukasimama. Siku ya kwanza nilifungua daftari kwa mazoea. Nikaandika tarehe. Kisha nikafunga kalamu, na juma zima la pili sikujua tumekunywa lita ngapi.

Sauti yake ilipokwisha, akanifundisha lugha ya madalali. Sokoni bei haitajwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na kwa kubana vidole wanakubaliana wakati watu wote wamesimama pale hawajui chochote. Tukaweka yetu. Kidole kimoja, maji ya kulowesha midomo. Viwili, nigeuze. Kiganja kizima, tayari. Katika lugha ile hakuna p wala b. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kila alipobana niliuliza, "Maji, aabo?" hata nilipojua ni maji, mpaka akawa anafumba macho kwa kuchoshwa nami, na tabasamu.

Adhuhuri moja alinibana kiganja kizima. Nikamuuliza, tayari nini, aabo? Akabana tena. Nikamuuliza mara ya tatu, kwa sababu safari hii sikutaka kudhani. Hakubana. Alikuwa amenishika tu, na baadaye hata kushika kukaisha. Tulimzika siku ileile, alasiri, na wanaume waliombeba walipita njia ya mji.

Sasa nakwenda kazini peke yangu. Katika miezi hii hakuna aliyeniita aabo, na hakuna namna ya kumwomba mtu akuite hivyo. Laga limekauka, njia ya nje imefunguka, bado ndiyo bora. Mimi napita hospitali. Nimekuwa na ugonjwa mpya: nawaomba watu warudie wanachosema. Shuleni wanadhani naanza kuwa kiziwi. Mwalimu mkuu ananiambia jambo dogo, nipeleke faili lile, nami namuuliza, umesema faili? Faili gani? Lile? Naona anavyoshusha pumzi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kujaza tangi kwenye kituo changu. Kulikuwa na mhudumu mpya, mtu mzima, ndevu zake zina hina. Pampu ikakata. Akarudisha mpira mahali pake, akapiga kofi boneti ya gari mara mbili, akaja dirishani, akaniita dada kwa Kisomali.

"Nibime oili, abaayo?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nilikuwa nimeshawasha injini, mikono yangu ikiwa kwenye usukani.

"Umesema nini?" nikamuuliza. "Umesema kupima?"

"Si ndiyo nasema?" akajibu. "Kubima."

Nikazima injini, nikamfungulia boneti, nikashuka.